Wajibu wa Kuuliza Kabla ya Kula

Mwanafunzi Mwislamu anayeshika trei katika bwalo la chuo kikuu nchini Japani hasumbuliwi na kipande cha nguruwe kilichokaangwa. Hicho hukiona na kukipita. Kinachomsumbua ni kisichoonekana: supu ya rameni iliyochemshwa kwa mifupa ya nguruwe, au samaki aliyepikwa kwa mirini, pombe tamu ya mchele yenye kilevi cha takriban asilimia 14. Je, analazimika kuuliza, au kutojua kwake ni udhuru?

Wapo wanaosema dharura huhalalisha, kwa kuwa aya ya 173 ya Sura ya Al-Baqara imemwondolea dhambi aliyelazimika. Lakini aya hiyo inamhusu asiye na njia nyingine, na hapo kwenye kaunta pana wali mweupe, yai la kuchemsha na tofu baridi. Hoja nzito zaidi ni kwamba dini haikuagiza upekuzi, na anayehoji kila bakuli huitesa nafsi yake bure. Nakubali, ila kwa nusu tu. Mtu hutakiwa kujua kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo hukua. Mabwalo mengi ya vyuo huko huendeshwa na vyama vya ushirika ambavyo mwanafunzi mwenyewe anaweza kuwa mwanachama, na baadhi, kama la Chuo Kikuu cha Kyoto, yameweka vyakula vya halali kwa sababu wanafunzi waliviulizia. Mgeni wa wiki ya kwanza, asiyesoma hata herufi moja ya Kijapani, ana udhuru. Akishaijua herufi ya nguruwe, udhuru huo umekwisha.