Mbwa Mzee Atudai Nini?

Wako watakaocheka wakiona kichwa cha maneno haya. Watasema: katika Bukavu hii, mji uliopokea wakimbizi wengi mno mwaka 1994, ukaona vita mwaka 1996, tena 2004, tena Februari 2025, nani ana nafasi ya kulia juu ya mbwa? Neno hilo si la upuuzi, nasi tutalijibu. Lakini kwanza tueleze jambo lililotufanya tushike kalamu.

Tulikuwa kwa munganga wa wanyama, hapa mjini. Waliongoja zamu yao walikuwa wengi: mama mmoja mzee na mbuzi wake aliyevimba tumbo, vijana wawili na kuku katika kikapu, na wengine. Akaingia bwana mmoja, mavazi safi, akivuta kamba ya nailoni. Mwisho wa kamba alikuwa mbwa, naye alikuwa mzee kabisa: mdomo umejaa mvi, macho yamefunikwa na ukungu, miguu ya nyuma haikunjiki vema. Ngazi tatu za mlango zilimshinda. Bwana wake hakumngoja. Alivuta tu, mbwa akaburutwa kwa shingo, kidevu kikigonga ngazi moja baada ya nyingine. Alipofika ndani akajilaza juu ya viatu vya bwana wake, naye akamsukuma kwa teke. Mbwa akarudi palepale.

"Dokta, huyu amekwisha," alisema yule bwana. "Habweki tena, anakula bure. Unimalizie leo."

Munganga alimwomba aketi, ampime mbwa kwanza. Akaona jino lililooza lenye usaha, na viungo vilivyochakaa kwa uzee. Akaeleza kwamba jino laweza kung'olewa, tena iko dawa ya kupunguza maumivu. Bwana akacheka. Dawa kwa mbwa, na watu hawana dawa! Mama yule mwenye mbuzi akamwuliza kwa upole, "Papa, amekulinda miaka mingapi?" "Kumi na mmoja," akajibu, tena kwa fahari, akahadithia jinsi mwizi mmoja alivyoacha kipande cha suruali yake ukutani. Watu walicheka. Kisha akatoa franka, akazihesabu. Munganga alipomwambia amshike kichwa ili mbwa atulie, alikataa, akasema ananuka. Akatoka nje kupiga simu. Aliyemshika ni kijana msaidizi, ambaye mbwa hakumjua. Masikio yake yalielekea mlangoni mpaka dawa ilipomshinda.

Haya, kosa liko wapi?

Tusifanye haraka. Kumwua mbwa mzee anayeteseka bila tumaini si dhambi. Mara nyingine ndiyo huruma pekee iliyobaki. Kanisa halikufundisha kamwe kwamba mnyama ni sawa na mtu. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yaruhusu watu kuwatumia wanyama kwa chakula, kwa mavazi na kwa kazi. Yakataza kuwatesa au kuwaua pasipo haja. Tena yaonya, jambo ambalo wapenda wanyama wa nchi tajiri hulisahau mara nyingi, tusitumie kwa wanyama fedha ambazo zingepasa kwanza kuondoa taabu ya wanadamu. Basi yule bwana alikuwa na haki ya kusema kwamba hana fedha za jino. Mtu mwenye watoto sita na mshahara usiofika mwisho wa mwezi, akimpeleka mbwa wake apumzishwe bila maumivu, sisi hatuna la kumlaumu.

Lakini kumngoja mbwa kwenye ngazi hakugharimu hata franka moja. Kumshika kichwa kwa dakika mbili ni bure. Hapo ndipo neno la wale wachekao linapokatika. Vita ni kweli, njaa ni kweli, na wagonjwa wanaolala bila dawa ni kweli. Wala hakuna hata mmoja wao ambaye angepungukiwa kitu kama kamba ile ingelegezwa. Mtu huyu hakuchagua watu badala ya mbwa. Aliwataja watu tu, ili asisumbuliwe.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13, alijiuliza kwa nini Maandiko Matakatifu yanakataza ukatili kwa wanyama. Alijibu kwamba ni kwa ajili ya moyo wa mtu: anayezoea kumtesa mnyama atakuja kuwatesa na wenzake. Jibu hilo lina nguvu, ila sisi twaona limeishia katikati ya njia. Lamfanya mbwa kuwa kama ngoma ya kujifunzia, isiyo na neno lake yenyewe. Je, miaka 11 ya kukesha usiku haina thamani yo yote mpaka tuipime kwa faida ya roho ya mwenye mbwa?

Ni kweli, mbwa hawezi kudai. Hakufanya mapatano na mtu, hajui mshahara, hawezi kwenda mbele ya baraza. Lakini deni halianzi pale mdai anapofungua kinywa. Mtoto mchanga hadai, na marehemu hadai, hata hivyo twajua tuna wajibu kwao. Mtu amemtoa mnyama huyu kwa mamaye, amemfunga uani, amemzoeza kumtegemea yeye tu, kisha amekula matunda ya kazi yake. Mbwa wa porini akizeeka hana wa kumlaumu. Mbwa wa nyumbani anaye. Twasema kwamba fadhila za punda ni mateke; katika habari hii ya ngazi tatu, aliyetoa fadhila alikuwa nani, na mateke yalitoka kwa nani?

Kitabu cha Tobia chatuambia kwamba kijana Tobia alipokwenda safari yake ndefu pamoja na malaika Rafaeli, mbwa alikwenda nao, na waliporudi alikuwa nao pia. Mbwa yule hakuponya mtu wala hakusema neno. Alifuatana nao tu. Hata hivyo mwandishi alimkumbuka.

Na wapagani wa kale waliliona jambo hili. Cato, Mroma mashuhuri wa karne ya 2 kabla ya Kristo, aliwashauri wenye mashamba wauze ng'ombe waliozeeka, na vyombo vilivyochakaa, na mtumwa mzee, na mtumwa mgonjwa. Vyote katika orodha moja. Miaka kama 250 baadaye Mgiriki Plutarch alimlaumu vikali. Alisema yeye asingemwuza hata ng'ombe aliyezeeka katika kazi yake, sembuse mtu. Akakumbusha habari za Waathene walipoukimbia mji wao mbele ya Waajemi, mwaka 480 kabla ya Kristo: mbwa wa Xanthippus aliogelea kando ya merikebu ya bwana wake mpaka kisiwa cha Salamis, akafika, akafa kwa uchovu, akazikwa palepale. Sisi tukaao kando ya ziwa Kivu hatuhitaji kuelezwa maana ya kukimbia kwa mashua na kuacha nyumba nyuma.

Angalieni ile orodha ya Cato jinsi ilivyo nyepesi kuisoma. Unaanza na ng'ombe, unamaliza na mtu, wala hujui ni mstari gani uliouvuka. Neno "amekwisha" tunalitumia kwa mbwa, tunalitumia kwa betri, na tunalitumia kwa mzee anayekaa pembeni mwa jiko. Katika mkoa wetu wa Kivu Kusini wazee, hasa akina mama wajane, wamesingiziwa uchawi, wakafukuzwa, na wengine wakauawa. Hatusemi kwamba ampigaye mbwa atamfukuza mama yake. Tunawajua watu wakali kwa mbwa walio wapole sana kwa wazazi wao. Twasema hesabu ni ile ile: kwamba aliye hai anastahili nafasi yake maadamu anabweka.

Kuna na jambo la afya, wala si dogo. Anayemdharau mbwa hamchanji. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na watoto ni wengi mno kati yao. Karibu wote hupata ugonjwa huo kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikisha kutokea, karibu hakuna aponaye; lakini mbwa 70 katika 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Na mbwa akizeeka? Mambo yanayomfaa ni machache, na mengi hayana bei. Gunia kavu la kulalia, kwa sababu baridi ya usiku wa Bukavu huingia katika viungo vyake. Ugali ulainishwe kwa mchuzi, maana meno yamekwisha. Maji yawe karibu. Watoto wakatazwe kumshtua akilala, kwa kuwa hasikii mtu akija, naye aweza kuuma kwa hofu. Asipoweza tena kusimama wala kula, aitwe munganga, na mwenyewe akae karibu naye. Mara nyingi macho na masikio ya mbwa hutangulia kufa; pua hubaki, na harufu ya bwana wake huitambua mpaka mwisho.