Mbegu Iliyobaki Kwenye Kibuyu

Mwankoko, kama kwingine Singida, msimu wa mvua ni mmoja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Ukikukosa, husubiri mwezi, unasubiri mwaka mzima. Mtama na uwele wengi huutia ardhini kabla tone halijaanguka, kwenye vumbi lenyewe, huku panya na ndege wakitazama. Ikija mvua ya kudanganya, mbegu huchipua, kisha jua linawaka wiki tatu na shamba linakauka. Ndiyo maana mkulima wa hapa hapandi mbegu zote. Bibi yangu huweka sehemu kwenye kibuyu juu ya moshi wa jiko, na hata Januari ya njaa hakuna anayekigusa.

Je, kibuyu hicho ni imani au ni mashaka?

Swali hili sikulitafuta. Mhubiri mgeni alikuja kufanya mkutano wa injili, siku nne, vipaza sauti vikubwa. Usiku wa mwisho alisema anayebakiza mbegu nyumbani anamwambia Mungu kwamba hamwamini. Mbegu, kwake, ilikuwa pesa. Mnaijua lugha hiyo. Lakini alikuwa anasema na watu ambao mbegu kwao ni mbegu. Jirani yetu mmoja, ambaye mwanawe ana miaka mitano tangu amalize chuo bila ajira, alitoa fedha aliyoiweka kwa ajili ya kununulia mbegu za alizeti. Nami nilikuwa nimekaa nyuma yake, na vyeti vyangu pia vikiwa ndani ya bahasha mwaka wa nne, kwa hiyo nilielewa vizuri alichokuwa anakinunua.

Mhubiri alikuwa na andiko lake, na ni andiko zito: mjane wa Sarepta, aliyebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, akaambiwa amwokee nabii mkate kwanza. Alitoa cha mwisho. Siwezi kulipita hilo kama halipo. Ila soma mbele kidogo. Eliya aliyeomba ule mkate alikaa katika nyumba hiyo hiyo, akala unga huo huo, ukame ule ule ukiwa juu ya kichwa chake. Kama chungu kingekauka, angelala njaa pamoja na mjane na mtoto. Mgeni wetu aliondoka asubuhi kwa gari.

Kuna sehemu nyingine ya habari hiyo ambayo huhubiriwa mbio mbio ili tufike kwenye mvua. Baada ya ukame ambao Agano Jipya linauhesabu miaka mitatu na miezi sita, Eliya yuko Karmeli, ameinama, anamtuma mtumishi wake akaangalie upande wa bahari. Kijana anarudi: hakuna kitu. Anatumwa tena. Hakuna kitu. Tunakumbuka mara ya saba, wingu dogo kama kiganja cha mtu. Mimi nakaa kwenye zile sita. Hakuna aliyemkemea yule kijana kwa kusema alichokiona. Hakuambiwa akiri wingu ambalo halipo. Kazi yake ilikuwa kwenda, kutazama, kusema kweli, kisha kwenda tena.

Kibuyu cha Bibi ni hilo jibu la kijana. Kinasema huenda isinyeshe, na hakimzuii Bibi kupanda kwenye vumbi. Yote mawili anayafanya kwa mkono ule ule, wiki ile ile. Habakuki naye anaanza kitabu chake kwa kumuuliza Mungu atalia mpaka lini bila kusikilizwa, na anamaliza akifurahi mbele ya mazizi matupu. Hatudai aliacha kuuliza ndipo akaamini.

Wanaohimiza subira, nadhani, wana deni moja: waseme nani anayetusubirisha. Mvua ni jambo moja. Jirani zetu wa Ugogo waliita Mtunya ile njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyoua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000. Mvua ilikosa, ndiyo, lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Kumwambia mtu wa Mtunya asubiri wakati wa Bwana, bila kutaja zizi limemalizwa na nani, ni kumsingizia Mungu. Vivyo hivyo kwa kijana mwenye bahasha. Naomba juu ya ajira, na sioni aibu kuomba. Lakini nafasi ya kazi si wingu. Kuna watu wanaoipanga, na wao wanapaswa kuulizwa.

Bado lipo linalonishinda. Kuna miaka ambayo kibuyu chenyewe huliwa. Bibi anaukumbuka mwaka 1974, ukame ulipokutana na Operesheni Vijiji, akiwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni na unga wa njano ukigawiwa kwa foleni. Walikula mbegu. Nilimuuliza Jumapili iliyofuata walifanya nini. Akasema alikwenda kanisani.

"Kuomba nini, Bibi?"

"Sikuomba, mjukuu wangu. Nilikwenda kukaa na wenzangu waliokula za kwao."