Mshirika au Mwajiriwa?

Kwenye machimbo ya dhahabu yanayoizunguka Mpanda, siku ya malipo haina bahasha. Ina mifuko. Mawe yaliyopandishwa kutoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, yanapangwa chini: hii ya mwenye leseni, hii ya mwenye duara, hii ya wachimbaji. Mchimbaji anabeba fungu lake hadi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, bila kujua kama kabeba dhahabu au mawe matupu. Muulize mwenye duara kama hawa ni wafanyakazi wake, atakushangaa. Wafanyakazi wa nini? Sisi ni washirika.

Tusimcheke. Ameuza ng'ombe apate unga, matimba ya kuegemeza kuta za shimo na mafuta ya jenereta. Miezi ikipita bila mwamba wenye mali, naye kafilisika. Mlazimishe kulipa mshahara kila mwisho wa mwezi, na duara litafungwa kabla mwezi haujaandama.

Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haijali sana mnaitanaje. Inatazama nani anapanga saa za kushuka shimoni, nani katoa nyundo na kamba, mtu huyu anamtegemea nani ili ale. Hata moja tu ya hayo likionekana, huhesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akifukuzwa, anaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko fidia hupimwa kwa mishahara ya miezi kadhaa, na hapo mimi hukwama: mshahara upi, kwa mtu anayelipwa kwa bahati?

Kipimo changu ni daftari. Washirika wa kweli hulifungua pamoja. Hapa mara nyingi linakaa kwa mtu mmoja, na ugali wa wiki nzima umekwisha kukatwa kabla mfuko wa kwanza haujagawanywa. Anayeliandika anajua hasara ya wote. Anayeandikwa anajua njaa yake tu. Huo nao ni uajiri, ila umevuliwa majukumu yake.

Tena upo upande mwingine wa hesabu, ambao hauingii daftarini kabisa. Kifusi kikimvunja mmoja mguu, mguu ule haugawanywi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri, na duarani kila mtu ameapa kwamba mwajiri hayupo. Aliyeumia anabaki na mfuko wake wa mawe, umeegemezwa ukutani kwenye karasha, unasubiri zamu.