Kuku Anayedonolewa na Wenzake, na Dhima ya Mwenye Banda

Miongoni mwa mambo ambayo watu huyaona madogo, na kumbe yamo katika amana, ni hali ya kuku anayedonolewa na wenzake mpaka akatoka damu. Mwenye banda hutazama, kisha husema: "Hayo ndiyo maumbile yao."

Kauli hii ina ukweli ndani yake. Kuku huishi kwa daraja. Kila mmoja humjua aliye juu yake na aliye chini yake, jambo ambalo mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alilieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nao wekundu wa damu huwavuta wengine waje kudonoa palepale. Hawana taklifu, wala hawaulizwi kwa hilo.

Lakini suali si la kuku. Ni la aliyewafungia. Kuku aliye huru, akipigwa, hukimbia akajificha kichakani. Ni nani aliyeiondoa njia hiyo? Ni yule yule aliyesimamisha waya, akalijaza banda kupita kiasi, akaweka chombo kimoja cha chakula wenye nguvu wakakizingira, tena katika joto la Ghuba. Katika hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kosa lake lilikuwa hili hili la kufungia: hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe.

Wapo wasemao: "Achinjwe, apumzike." Kuchinja ni halali, na kwa asiyetarajiwa kupona huenda ndiyo huruma. Ila wengi hupona, na uvivu si udhuru. Lililo baya kuliko yote ni kumwacha palepale.

Tiba yenyewe ni nyepesi. Atengwe mara moja, damu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi, kidonda kioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na awekwe kivulini pamoja na chakula na maji yake. Lakini asipelekwe mbali, kwani akipotea machoni mwa wenzake siku nyingi, hurudi kama mgeni akapigwa upya. Bora tundu lake liwe ubavuni mwa banda, waya ukiwatenganisha, waonane wasifikiane. Kidonda kikishafunga na manyoya yakianza kuota, arejeshwe usiku, wenzake wamekwisha kulala, na chombo cha pili cha chakula kiongezwe. Na ikiwa mchokozi ni mmoja tu, ni haki zaidi atolewe yeye kwa siku chache. Mara nyingi hurudi akakuta daraja yake imeshuka.