Oili chafu na haki ya mtu wa tatu

Niliipeleka pikipiki yangu gereji moja hapa Nkuhungu kubadilisha oili. Fundi alifungua nati, oili chafu ikamwagika chini, akaifukia kwa mguu. Ilipoadhiniwa Alasiri akanawa kwa sabuni ya unga, tukaenda msikitini, tukasimama safu moja.

Ndugu msomaji, fundi huyu hapunji wala hauzi spea bandia. Je, kipato chake ni halali? Wengi tutajibu haraka kuwa ni halali, kwani tunapofundisha biashara (nami ni mmoja wa wanaofundisha) tunawatazama muuzaji na mnunuzi tu: mizani, riba, kuridhiana. Lakini pale gereji alikuwepo mtu wa tatu ambaye hakuulizwa kama ameridhia. Dodoma hatuna mto wa kudumu. Kwa miaka mingi mji umekunywa maji ya visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora; maji yetu yako ardhini, na ardhini ndiko tunakomwaga.

Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia njiani, kivulini na penye maji ya watu, akaonya kuwa ni mambo yaletayo laana. Ikiwa uchafu unaooza upesi una uzito huo, itakuwaje oili yenye mabaki ya madini, isiyooza upesi?

Atasema mtu: huyu ni masikini, waulizeni wenye viwanda. Ni kweli waulizwe. Lakini udogo wa gereji hupunguza kiasi cha madhara, haugeuzi dhulma kuwa haki. Na kinachotakiwa ni dumu na faneli tu. Wapo wanaoitafuta oili hiyo kupaka mbao zisiliwe na mchwa, ingawa hilo nalo lina maswali yake.

Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wenye maduka tuliiacha kwa kuogopa faini. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inataka mchafuzi alipe. Lakini faini huenda serikalini, siyo kwa aliyedhulumiwa, na haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake.

Nami simo nje. Nililipa bei nafuu kwa sababu kuna mwingine atakayelipia salio, nikanyamaza.

Juzi nimempelekea dumu. Akacheka: "Ustadhi, hii tutaikinga. Ile ya miaka yote niliyomwaga, nimwombe msamaha nani? Labda hata hajazaliwa."

Sikuwa na jibu. Masheikh watusaidie.