Deni la Wakati

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Kauli hiyo aghalabu hutajwa katika mambo ya ndoa, mikopo na siasa. Ni nadra kuisikia kwenye kiwanja cha ndege. Ilhali tiketi ni nini kama si ahadi iliyolipiwa kabla ya kutimizwa? Abiria amekwisha kutimiza lake. Mwenye chombo bado. Basi chombo kinapochelewa, na shughuli ya abiria ikaharibika, deni hilo hulipwaje, na hulipwa nani?

Na achukuliwe mchuuzi wa mchele wa Usevya, katika nchi ya Wapimbwe, Mkoa wa Katavi. Ana miadi na mnunuzi Dar es Salaam. Kwanza hana budi kupanda basi hadi Mpanda, kwa njia ipitayo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, alale gesti, asubuhi apande bodaboda hadi kiwanjani. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba ndege haitakuja hadi kesho. Atalala tena, atakula kwa mama lishe, atanunua vocha ya simu ili amsihi mnunuzi amngoje. Mnunuzi hangoji. Kando yake ameketi ofisa aliye safarini kikazi. Naye amecheleweshwa saa zile zile, lakini posho yake inaendelea kuhesabiwa, na stakabadhi zake zitapokelewa na mhasibu. Uchelewaji ni mmoja, hasara hazilingani.

Sheria haikulinyamazia jambo hili. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unasema katika Ibara ya 19 kwamba msafirishaji anawajibika kwa hasara iletwayo na kuchelewa, ila akithibitisha kwamba yeye na watumishi wake walichukua kila hatua ya busara kuizuia. Mkataba huo unahusu safari za kimataifa, nao unamtaka anayedai athibitishe hasara yake. Nyumbani Tanzania lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kutetea maslahi ya abiria.

Lakini mama lishe hatoi stakabadhi. Mwenye bodaboda hatoi. Mnunuzi aliyekwenda zake hakuacha barua. Fidia hufuata karatasi, na hasara ya mnyonge haina karatasi. Aliyepoteza kidogo huweza kuthibitisha chote. Aliyepoteza mtaji hawezi kuthibitisha hata sahani ya wali. Haki ya namna hiyo haikukusudia kudhulumu, ila hudhulumu.

Umoja wa Ulaya uliutazama mkasa huu kwa jicho jingine. Kanuni yake ya 2004 iliweka fidia maalumu, euro 250 hadi 600 kwa kadiri ya umbali, bila kumtaka abiria aoneshe alichopoteza. Na mwaka 2009 mahakama ya umoja huo ikaamua kwamba hata anayefikishwa akiwa amechelewa saa 3 au zaidi anaistahili. Hapo wakati wenyewe umehesabiwa kuwa mali, uwe wa tajiri au wa mchuuzi.

Watu wa mwambao huenda wakapinga. Karne kwa karne majahazi yalingojea kaskazi na kusi, na hakuna aliyemdai nahodha gharama za upepo. Hoja hiyo ina uzito, maana yapo majanga yasiyo na mkosaji. Mwezi wa Aprili 2010, jivu la volkano ya Eyjafjallajökull, huko Iceland, lilifunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa. Maua ya Kenya yakaharibika yakingoja ndege, na vibarua wa mashambani wakakosa kazi. Hakuna msafirishaji aliyeuwasha mlima ule. Hata hivyo kanuni ya Ulaya, iliyosamehe fidia katika dharura ya namna hiyo, haikusamehe chakula na malazi, na mwaka 2013 mahakama ile ile ikalithibitisha hilo kwa volkano hiyo hiyo. Kumbe asiye na kosa aweza bado kuwa na wajibu.

Tena, aliyengoja upepo alijua kwamba anangoja upepo. Abiria na nahodha walitazama mbingu moja. Kiwanjani, mbingu ya abiria ni kinywa cha mhudumu, na kinywa hicho kikifumba, hana pengine pa kutazama. Ndiyo sababu sehemu ya kwanza ya deni si fedha, bali neno la kweli lililosemwa mapema. Mchuuzi akiambiwa angali Usevya, hasara yake ni miadi. Akiambiwa Mpanda, ni miadi, nauli, chakula na malazi. Na neno hilo gharama yake ni ujumbe mmoja wa simu.

Fedha na zirudishwe, na zile zisizo na stakabadhi zikadiriwe kwa uadilifu. Siku iliyopotea hairudishwi na yeyote. Mdaiwa ajuaye kwamba hataweza kulipa siku ya ahadi hujitunzia heshima kwa kumwendea mdai wake kabla hajafunga safari ya kuja kudai.