Je, Yafaa Mtu Kujisifu Ili Apate Wateja?

Swali hili lililetwa mbele ya darasa letu na kijana mmoja aliye wakili katika mji wa Meru. Baada yake likaletwa tena, kwa sura nyingine, na dada mmoja wa Embu auzaye asali na maharagwe kwa njia ya simu. Wote wawili wauliza jambo moja: yafaa Muislamu ajitangaze katika mitandao ya kijamii, ajionyeshe na kujisifu, ili watu waje kwake na wasiende kwa mwenziwe? Tumelizungumza kwa siku nyingi, na tumeona ni wajibu kulijibu kwa maandishi, kwa kuwa sisi wenyewe, kama itakavyoonekana huko mbele, tulishiriki katika kosa lililoleta swali hili.

Kwanza twapenda kuondoa dhana moja. Wako miongoni mwetu wasemao kwamba Facebook, WhatsApp na TikTok ni upuzi mtupu, na mcha Mungu hana la kufanya huko. Hoja hii hatuikubali. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa huko Mombasa mwaka 1930, na kisha Al-Islah mwaka 1932, alilichukua gazeti, chombo ambacho wengi walikijua kwa habari za serikali na matangazo ya maduka, akakitia elimu. Chombo hakina dhambi. Lililo na hesabu mbele ya Mungu ni neno litiwalo ndani yake.

Basi turudi katika swali. Katika Sura ya An-Najm, aya ya 32, tunakatazwa kujitakasa nafsi zetu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye amjuaye zaidi aliye mcha Mungu. Lakini katika Sura ya Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf amwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, na ataja kwa ulimi wake mwenyewe sifa zake mbili, ya kuhifadhi na ya kujua. Je, huku si kujisifu? Wako waliosoma aya hii ya pili wakaifanya ruhusa ya kusema lolote. Hao hawakuitazama hadithi kwa utaratibu wake. Yusuf alitaja sifa zile tu ambazo kazi ile ilizihitaji. Alizitaja wakati miaka ya njaa ilikuwa yaja na watu wangepotea lau kazi ingeshikwa na asiyejua. Hakusema kwamba yeye ni bora kuliko fulani. Na zaidi ya yote, kabla ya kutoka gerezani alikataa kutoka hata jambo lake lichunguzwe na wale wanawake waulizwe. Uchunguzi ulitangulia, na sifa ikafuata. Siku hizi sifa hutangulia, na uchunguzi mara nyingi haufiki kabisa.

Mvutano huu umepita pia katika sheria za nchi yetu. Kanuni za mawakili za mwaka 1966 zilimkataza wakili kujitangaza kwa njia yoyote, na hoja yake ilikuwa kwamba uwakili ni utumishi wa haki, wala si bidhaa ya kunadiwa. Mwaka 2012 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliamua kwamba katazo hilo, kwa jinsi lilivyokuwa limefunga kila mlango, halikupatana na Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 46 humpa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari azihitajizo. Baadaye zikatolewa kanuni mpya za mwaka 2014, zilizomruhusu wakili kujitangaza kwa mipaka. Huko Marekani mlango huu ulifunguliwa mwaka 1977, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Bates. Sisi twaona uamuzi wa mwaka 2012 ulikuwa wa haki. Mkulima wa Runyenjes au wa Tigania ambaye shamba lake linadaiwa na jirani hana rafiki mjini wa kumwelekeza kwa wakili. Katazo la zamani lilimlinda zaidi wakili mkongwe mwenye jina kuliko lilivyomlinda mkulima. Lakini ipo tofauti kati ya kufungua mlango na kuung'oa, na Katiba yenyewe, katika kifungu kicho hicho cha 46, yataka matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya heshima.

Sasa tumjibu dada yetu wa Embu, kwa kuwa jambo lake ni jepesi kulieleza ingawa si jepesi kulitenda. Ni mashuhuri katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, akakuta umaji chini. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuliweka lile lililolowa juu ili watu walione, kisha akamtoa mwenye kughushi katika hesabu ya walio wake. Tazama, ndugu msomaji: mnunuzi katika soko la Gakoromone aweza kutia mkono katika gunia la maharagwe hata kiwiko, akachota ya chini, akayanusa, akatafuna moja. Lakini picha ya simu haina chini. Ni juu tupu. Mkono haupiti katika kioo. Kwa hiyo ule wajibu wa kutia mkono, ambao sokoni ni wa mnunuzi na muuzaji pamoja, katika simu wamwangukia muuzaji peke yake. Yampasa aseme mwenyewe: haya ni ya msimu uliopita, asali hii imepashwa moto, rangi katika picha imeng'aa kuliko ilivyo.

Na hili si la adabu tu. Katika madhhab ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ifuatwayo zaidi na Waislamu wa pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakiuziki. Kipitacho ni kuuza kwa sifa zilizobainishwa, na bei yote italipwa papo hapo, nayo ndiyo biashara ya salam. Imam Abu Hanifa yeye aliruhusu, lakini akampa mnunuzi khiyari ya kurudisha atakapokiona. Basi dada yetu na achague: ama abainishe sifa na kipimo kikamilifu, ama akubali kurudishiwa mali bila ugomvi. Atakaye fedha ya M-Pesa kwanza, kisha akaandika kwamba mali iliyouzwa hairudishwi, huku picha yake ni ya kopo la mtu mwingine, huyo hana madhhab.

Liko na jambo la wafuasi wa kununua. Twaarifiwa kwamba mtu aweza kulipa fedha akapata maelfu ya wafuasi wasio watu, na sifa zilizoandikwa na wasionunua kitu. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya umeme kuvumbuliwa, wakaliita najshi: mtu asimama mnadani akapandisha bei naye hana nia ya kununua, ili amghuri mwingine. Mtume alilikataza. Na aliye mashuhuri akalipwa asifu duka, naye asiseme kwamba amelipwa, ushahidi wake ni wa jinsi hiyo hiyo. (Hapa hatutaki kuingia katika kutangaza miraa na muguka, vitu vilivyo riziki ya nyumba nyingi za Igembe na Mbeere, jambo hilo lataka makala yake.)

Ama la wakili ndilo zito. Kijana wetu alifungua ofisi, akakaa miezi bila ya kesi za kumtosha kulipa kodi ya chumba. Kisha akamshindia mjane mmoja shauri la mirathi. Siku ya hukumu, nje ya mahakama, akapiga picha pamoja naye, akaiweka katika Facebook, akaandika kwamba mjane huyu amerudishiwa ardhi yake na kwamba yeye hajapata kushindwa. Sisi wa darasa tulifurahi. Tukaisambaza katika makundi yetu ya WhatsApp, mmoja wetu akaandika chini yake maneno ya takbiri. Simu ya kijana ikaanza kulia. Lakini haikupita juma moja, yule mama akaanza kutembelewa: shemeji zake waliomwona akicheka juu ya kaburi la ndugu yao, na wakopaji waliosikia kwamba sasa ana mali. Akamwendea wakili wake akamwambia, "Mwanangu, mimi nilikupa kesi yangu. Uso wangu sikukupa."

Hatujui jibu la neno hilo. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 134, yamfunga wakili asitoe siri za mteja wake pasi na idhini, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data yataka idhini iwe ya wazi na ya hiari. Kijana asema mama alikubali kupigwa picha. Ndiyo, alikubali akiwa katika furaha, mbele ya mtu aliyemwokoa. Nani angekataa saa ile? Idhini ya aliye chini ya fadhila yako yataka ulizwe mara ya pili, baada ya siku kadhaa, akiwa nyumbani kwake.

Na lile la kutoshindwa ni baya kuliko picha. Imepokewa kwa Bukhari na Muslim kwamba Mtume alionya kuwa yeye huhukumu kwa ayasikiayo, na huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa haki ya nduguye. Naye achukuacho ni kipande cha moto. Basi wakili asemaye kwamba hajapata kushindwa yuwajisifu kwa jambo ambalo lingemkosesha usingizi, maana hajui katika ushindi wake ni upi uliokuwa haki na ni upi uliokuwa ufasaha tu. Mbaya zaidi ni awafuataye watu katika msiba. Twakumbuka tarehe 24 Julai 2022, basi lilipotumbukia katika mto Nithi, katika njia itokayo Meru, likaua zaidi ya watu 30. Kumtumia mfiwa tangazo la kudai fidia kabla ya mazishi ni kuwinda, hata kama fidia ni haki yake.

Je, kijana afe njaa? La. Tumemwambia afundishe. Aseme kwa Kimeru na kwa Kiswahili kwamba anunuaye shamba la kilimo ni lazima ombi la kibali cha bodi ya ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano, la sivyo huenda mapatano yakawa bure. Kwamba dai la kuumizwa barabarani kwa kawaida hufa baada ya miaka 3. Kwamba mirathi ya Muislamu yaweza kupelekwa kwa Kadhi. Chini yake aweke jina lake na mahali pa ofisi, basi. Asikiaye akafaidika bila ya kulipa atajua mwenyewe ni nani wa kumwendea. Njia hii ni ya polepole, na kodi ya chumba haingoji. Hilo twalikubali, na ndiyo sababu baadhi yetu tumeahidi kumsaidia kwa miezi mitatu.

Picha ameiondoa, nasi tumeifuta katika simu zetu, ila tuliowapelekea hatujui wameipeleka wapi. Limebaki moja ambalo darasa halikupatana: ujira alioupata kwa wateja walioletwa na picha ile. Wengine wasema kazi aliifanya, na ujira ni wake. Wengine wasema sehemu yake ni deni kwa yule mama. Tumewatuma wawili wetu, pamoja na kijana mwenyewe, waende kumwomba radhi na kumuuliza. Aliwapa chai, akawaambia atawajibu baada ya mavuno.